Kopo la Udongo Chini ya Sinki

Kwenye hitma ya Bi Salama, katika ukumbi wa kukodi kule Lanham, nilikuwa nimebeba sinia la biriani nikiwapelekea akina mama waliokaa mkekani, ndipo Mama Esperance aliponishika mkono na kuniuliza kama mpaka leo nanawa mara saba. Nusura sinia linidondoke. Katika maisha yangu sikuwahi kumweleza mtu habari ya kunawa mara saba. Si yeye, si mume aliyekuja kunioa baadaye, na zaidi ya wote si marehemu mwenyewe, ambaye ndiyo kwanza tumemaliza kumsomea. Nikamwambia aningoje niwape watu chakula, kisha tutaongea. Nikapita katikati ya watoto waliokuwa wakiambiwa kwa Kiswahili wakae chini na kujibu kwa Kiingereza kwamba wamekwisha kaa, nikaliweka sinia, nikarudi jikoni mwa ukumbi na kusimama mbele ya sinki nikiitazama mikono yangu. Imeingia makunyanzi sasa. Mwaka nilioishi na Bi Salama ilikuwa mikono ya msichana wa miaka ishirini na sita, na kutwa nzima ilikuwa ndani ya matumbo ya nguruwe.

Mwaka ule niliishi Adelphi, ghorofa ya tatu, katika majengo ya matofali karibu na University Boulevard, ambako ukipanda ngazi unapitia vitunguu vya nchi nne kabla hujafika mlangoni kwako. Chumba nilikipata kwa tangazo lililoandikwa kwa mkono na kubandikwa kwenye duka la nyama ya halali: mwanamke mmoja, mwanafunzi au mfanyakazi, awe anajua kukuna nazi. Nilidhani ni mzaha. Nilipofika, Bi Salama hakuniuliza nasoma nini wala mimi ni mtoto wa nani. Alinivutia mbuzi ya kukunia, aliyokuja nayo kutoka Unguja ndani ya sanduku la nguo, akanipa nusu ya nazi, akasimama kunitazama. Nilipoimaliza, bila chembe ya gamba jeusi kuingia sahanini, akanionyesha kitanda. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mfupi, mwepesi wa miguu, akiuguza vikongwe wa Kimarekani majumbani mwao. Mimi nilikuwa mgeni wa Tanga, sina ndugu hata mmoja jimboni, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimekwisha mfanya mama yangu bila kumwomba ruhusa.

Jiko lake lilikuwa jembamba, watu wawili mkipishana lazima mmoja avute pumzi. Sufuria zilipangwa kwa heshima zao, ya wali juu, ya samaki chini, na hakuna hata moja iliyowahi kuona kitu chenye shaka. Akienda dukani alibeba kioo cha kukuzia maandishi. Kila pakiti ya biskuti aliisoma mpaka nukta ya mwisho, watu wamejipanga foleni nyuma yake, akitafuta mafuta ya mnyama yule. Jina lenyewe hakulitamka. Ni “mnyama yule” tu, kama mtu anavyomtaja shemeji aliyegombana naye. “Wamemtia,” alisema, na pakiti ikarudi rafuni. Siku nyingine aliirudisha kwa sababu tu neno lilikuwa refu na hakulipenda. Nami nilisimama kando yake na kikapu, natikisa kichwa kukubali, ilhali tangu saa mbili asubuhi mpaka alasiri nilikuwa naye mnyama yule uso kwa uso.

Nilikuja kusomea mbegu. Lakini mwaka huo profesa wangu, mama mmoja wa Kimarekani mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa na kazi moja tu ya kumpa mwanafunzi: kuchunguza wanakula nini nguruwe mwitu walioingia kwenye mashamba ya kusini. Hao si wanyama wa asili ya nchi ile. Waliletwa na watu, wakatoroka mazizini, wengine wakaachiwa kwa ajili ya kuwindwa, wakazaana mpaka wakashindikana. Aliniuliza kama dini yangu ingekuwa kikwazo. Nikajibu hapana upesi kuliko nilivyofikiri, kwa sababu nilijua jibu lingine lingenirudisha nyumbani. Basi matumbo yalikuja yamegandishwa, kila moja kwenye mfuko wenye jina la shamba na tarehe. Nililimimina moja kwenye chekecheke, nikafungulia maji, kisha nikachambua kwa koleo ndogo: mizizi upande huu, mbegu za mwaloni upande huu, nyungunyungu, vipande vya chura, maganda ya mayai ya kobe, mahindi. Hakuna asichokula yule. Baada ya miezi miwili niliweza kukwambia kwa punje moja iliyotafunwa kama ni ngano au shayiri, na imeokotwa ardhini au imevunjwa kwenye suke. Nilikuwa hodari. Naona aibu kidogo kusema kwamba niliipenda kazi ile.

Bi Salama aliponiuliza, nilimwambia nachambua mbegu, jambo ambalo hata mbele ya kadhi ningelisema. Halafu nilirudi nyumbani, nikapita moja kwa moja bafuni, nikafanya kama nilivyofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo kwa aliyemgusa mnyama yule: mara saba, mojawapo kwa udongo. Kazini nilivaa glavu, tena jozi mbili, na mtu angeweza kuniambia kwamba hapakuwa na haja. Lakini glavu hutoboka bila kukuaga, na mimi mikono ile ilikuwa inakwenda kukanda unga wa chapati za mtu asomaye pakiti za biskuti kwa kioo. Udongo niliuchota kwenye bustani ya maua chini ya jengo, mweusi, umechanganyika na vipande vya mbao, nikautia katika kopo la maziwa ya unga na kulificha chini ya sinki, nyuma ya chupa za sabuni. Kuta za nyumba zile ni nyembamba. Nikiwa bafuni nilimsikia Bi Salama jikoni akikata vitunguu, na nilijua ni kimoja au viwili. Nilijifungia, nikafungua bomba, nikafunga, nikafungua, nikafunga, nikihesabu kimoyomoyo, na kama nilichoka au mawazo yalikuwa mbali nilipoteza hesabu na kutoka hivyo hivyo. Kilichoniudhi ni kwamba siku nyingine, nimetoka tu bafuni na mikono bado ina maji, Bi Salama aliniita: “Hawa, kanawe mikono uje ukune nazi.” Nilinung'unika moyoni kwamba nimekwisha nawa, mwanamke huyu ana wasiwasi gani, kisha nikarudi kunawa.

Jumamosi alikuja Mama Esperance. Huyu alikuwa Mkongomani wa Uvira, mrefu, mlokole, asemaye njo pale sisi tunaposema ndio, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, naye na Bi Salama walijuana kwa kupokezana zamu kitandani kwa kikongwe mmoja. Alikuwa na kishamba huko Virginia, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari, alichopewa bure na mzee mmoja mkulima wa kanisa rafiki na kanisa lao. Tutamwita Mzee Wendell. Kila wiki tangu mwezi wa sita alituletea mfuko wa matembele, au lengalenga, ambazo sisi tulisema ni mchicha na yeye akasema si mchicha, na wakabishana juu ya hilo yeye na Bi Salama huku wakizichambua pamoja. Nilipenda kulala chumbani mlango wazi nikiwasikiliza. Mmoja aliapa kwa Mungu, mwingine kwa Yesu, na wote wawili walikubaliana kwamba Wamarekani hawajui kumwosha maiti. Mama Esperance alisema maneno ambayo sikuyasahau: kwamba huku amekuwa mtu wa kuvisha nepi wazee wa watu, ila akifika kwenye kile kishamba na kushika jembe, anajisikia tena kuwa yeye. Pia ni mwezi huo, nadhani, nilipoona udongo kwenye kopo langu umekuwa mwekundu. Nikasema moyoni labda umekauka.

Mwezi wa nane profesa alinituma kusini pamoja na watega mitego, kuona uharibifu kwa macho na kuleta matumbo mapya. Shamba la tatu lilikuwa la Mzee Wendell. Mahindi yake yalikuwa yamelazwa chini sehemu nzima nzima, na ardhi kando ya msitu imepinduliwa kana kwamba mlevi amepewa trekta. Nikazunguka ghala, na pale kwenye kipande cha nusu ekari nikamkuta mwanamke amepiga magoti katikati ya matuta yaliyofumuliwa, anaokota viazi vitamu vilivyong'atwa nusu na kuvipanga kwenye kanga yake. Alipoinua uso alikuwa Mama Esperance. Mimi nilikuwa nimevaa glavu, nina mfuko mkononi, na mfuko wenyewe ulikuwa unavuja. Hapakuwa na la kuficha. Nilimweleza kazi yangu palepale, nikamsihi asimwambie Bi Salama, nikasema akijua atanifukuza, na hata asiponifukuza hatakula tena kitu nilichokigusa, na hilo kwangu ndilo baya zaidi. Alifunga kanga juu ya vile viazi. “Miye sitasema,” akaniambia. “Ile iko kati yako na mama yako. Lakini na miye niko na shida.” Shida yake ilikuwa kwamba Mzee Wendell ameshamwambia: msimu huu ukiisha, kishamba basi. Anaamini ni viazi na karanga za Waafrika vilivyowaita nguruwe, kwa kuwa kabla ya hapo alikuwa akiwaona wachache tu.

Nilijua si kweli. Nilijua kwa namna ambayo labda watu wanne tu duniani walijua, maana matumbo ya shamba lile yalikuwa yamepita mikononi mwangu tangu majira ya kupanda, wakati Mama Esperance alikuwa hajatia hata mche mmoja ardhini. Nilimwahidi nitamwona mzee. Kisha sikumwona. Kila wiki nilisema wiki ijayo, kwa sababu kusema mbele ya mtu yeyote ilikuwa kusema mbele ya watu wote. Jamii yetu ya huku ni ndogo, neno likitamkwa Virginia asubuhi, jioni liko Adelphi limekwisha vua viatu. Mama Esperance hakunisukuma. Aliendelea kuleta matembele, machache sasa, na kuniangalia tu. Hata udongo kwenye kopo ulikuwa umegeuka tena, wa kijivu, laini, una mchanga mchanga, na mimi sikuwa na nafasi akilini ya kushughulika na udongo.

Bi Salama ndiye aliyeamua. Nilimsikia jikoni akimwambia mwenzake, “Mlete hapa ale. Mtu haoni tabu kumfukuza asiyemjua. Akishakula kwako na akakuuliza habari za wanao, itamuwia vigumu.” Siku yenyewe, Jumamosi mchana, alipika pilau, kuku wa kupaka na kachumbari, na akatandika meza kitambaa ambacho sikuwahi kukiona. Mzee Wendell aliingia ameshika kofia mkononi, mtu mkubwa mwenye haya, ngozi ya shingo imeiva kwa jua. Na kwa heshima ya mwaliko alikuwa ameleta zawadi bora kuliko zote wanazojua kutoa watu wa kwao, paja la nguruwe lililofukizwa moshi mwaka mzima, limefungwa kwenye kitambaa na kutiwa utepe. Akasema ni nini, akamnyooshea Bi Salama kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Bi Salama alitazama furushi, akamtazama mzee, akavuta taulo kwenye kiti, akalikunjua taratibu juu ya viganja vyake na kupokea kwa taulo, akainamisha kichwa. Mzee alidhani ni adabu ya kwetu ya kupokea zawadi na akafurahi sana. “Mama Esperance,” Bi Salama akasema kwa Kiswahili, uso umejaa tabasamu, “kaitie kwenye gari lako, na taulo sina haja nalo tena.”

Tukala. Mzee aliuliza habari za watoto wa Mama Esperance, kama ilivyotabiriwa, na akasifu wali, na akaongeza. Lakini kila mazungumzo yalipokaribia shamba alikuwa anaangalia sahani yake. Mwishowe akasema, kwa upole, kwamba anasikitika, kwamba hana kinyongo na mtu, ila mahindi ni riziki yake na wale wanyama wamekuja kwa ajili ya viazi, na hawezi msimu mwingine. Mama Esperance alikunja mikono juu ya meza, mikubwa, kucha zina udongo wa shamba lile, na hakunitazama. Kama angenitazama labda ningekasirika na kunyamaza. Bi Salama alikuwa pale pale, kijiko mkononi, na Kiingereza chake, nilijua, kilitosha kwa madaktari na dawa za wazee. Nikasema.

Nilisema kwa Kiingereza, polepole, naitazama chumvi. Nikasema mimi ndiye niliyepasua matumbo ya nguruwe waliotegwa shambani kwake, kwa mikono yangu, moja baada ya jingine, tangu majira ya kupanda. Nikamweleza kwamba yale ya mwanzo yalikuwa na punje za mahindi zenye rangi nyekundu ya dawa, mbegu zake mwenyewe, kwa kuwa nguruwe hufuata mstari uliopandwa akifukua shimo baada ya shimo mpaka mwisho; na Mama Esperance hapandi mbegu ya dawa. Nikamwambia kulikuwa na mbegu za mwaloni za msituni mwake. Ndiyo, na viazi na karanga vilikuwemo, lakini mwezi wa nane tu, mwishoni. Halafu nikafika mahali pagumu. Katika matumbo yote, ya mwanzo mpaka ya mwisho, palikuwa na mahindi makavu yaliyochachushwa, yale ambayo wawindaji humwaga msituni ili kuwavuta. “Kuna mtu anawalisha kwako, bwana,” nikamwambia. “Amewalisha tangu kabla ya viazi.”

Mzee Wendell aliweka uma chini. Akasema, si kwetu hasa, kwamba mpwa wake amekuwa akiingia na kutoka kule msituni na ndoo, na yeye hakuuliza. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mama Esperance akamwekea maji. Hakuna aliyemlaumu, na baada ya muda mzee akamwambia Mama Esperance kwamba atazungumza na kijana, na kwamba wakati wa kupanda ukifika wazungushe waya kwenye kile kipande, yeye atatoa nguzo. Mama Esperance alifunika uso kwa viganja na kukaa hivyo. Mimi sikuweza kufurahi. Nilikuwa nangoja upande wa pili wa meza. Bi Salama alimaliza kutafuna alichokuwa anatafuna, akasogeza sinia la kuku mbele yangu, akanyoosha sahani yake. “Nichagulie kipande, mwanangu,” akasema. “Kwa mkono, kijiko kinavunja nyama.” Nilichagua paja, nikamwekea, akala mpaka mfupa ukabaki mweupe.

Nikajua hakuelewa. Ndivyo nilivyojieleza wiki ile, na wiki iliyofuata, nikingoja niambiwe nifungashe, na sikuambiwa. Nikasema Kiingereza changu cha chuoni kilimpita, au alikuwa anawaza wali. Mwaka ulipoisha nilipata nafasi kusini zaidi, nikaondoka Adelphi na mabegi mawili na nazi tatu alizonilazimisha nibebe, na kwa miaka yote iliyofuata, kwenye simu za sikukuu, nilimshukuru Mungu kwa kumziba masikio siku ile. Mama Esperance analima kile kishamba mpaka leo. Mzee Wendell alikufa na kumwachia mwanawe maagizo kwamba mama yule asiguswe.

Nilipomaliza kugawa biriani nikamrudia, nikakaa naye kwenye viti vya plastiki nyuma ya ukumbi. Amezeeka, ila sauti ni ile ile, na ilibidi nimwombe aishushe. Nikamuuliza nani kamwambia habari ya kunawa. “Salama,” akasema, kana kwamba nimeuliza nani alipika. “Ile udongo, miye njo nilikuwa namuletea. Toka kule champ, kule shamba. Aliniambia kuko mtoto kwake ananawa mara saba, na udongo wake uko na takataka ya mbao, haufai. Miye sikujua ni ya nini. Sikuuliza.” Nilipofika shambani akaniona na mfuko wangu, ndipo akaelewa. Na nguruwe walipovamia, Bi Salama alimkataza kuleta tena udongo wa pale. Alimuuliza kama kule Oxon Hill, kwa dada yake Mama Esperance, kuna mnyama yule. Mama Esperance akamwambia hakuna. Basi kila baada ya wiki mbili, bibi wa miaka sitini akitoka zamu alipanda mabasi kwenda Oxon Hill na kurudi, kwa kopo moja la udongo.

Nilikaa pale na machozi yakinidondokea kwenye mtandio. Mwekundu, kisha kijivu. Mimi niliyekuwa natambua shayiri iliyokwisha tafunwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, mwaka mzima, kuta zile zile, jiko lile lile. Mama Esperance akainua mabega. Alisema Bi Salama aliona mtu anayejitesa hivyo kwa sababu ya chakula chake hahitaji kuongezewa aibu. “Alikuwa anakuhesabia,” akasema. “Anakata vitunguu, anasikiliza bomba. Moja, mbili, mupaka saba. Siku ukifika saba, anafurahi, ananyamaza. Siku ukiishia sita, njo alikuwa anakuita ukanawe, uje ukune nazi.”